Maswali ya mantiki kwenye LSAT: unaitambuaje aina ya swali kabla majibu hayajakuchanganya?

Malimbe_Juu (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Niko Mwanza, najiandaa na LSAT, mtihani wa kuingilia shule za sheria Marekani. Kwa wasiofuatilia: tangu Agosti 2024 yale mafumbo ya kupanga watu na ratiba yameondolewa, kwa hiyo sehemu mbili kati ya tatu zinazohesabiwa sasa ni za hoja na mantiki. Ukiyumba hapo umeyumba mtihani mzima.

Kiingereza cha vifungu hakinisumbui. Kinachosumbua ni mstari wa swali lenyewe. Kitabu kimoja kinataja aina kumi na tatu, kingine kumi na nane, na kila kimoja kina majina yake. Mkanganyiko wangu uko sehemu tatu:

1. Dhana ambayo hoja inaitegemea, na dhana ambayo ikiongezwa hoja inakamilika. Nikiona neno "assumption" naona kitu kimoja tu.
2. Maswali yenye neno "support". Mara ni kuimarisha hoja, mara ni kutafuta kinachotokana na maelezo.
3. Kasoro ya hoja. Majibu yote matano yanasomeka kama kweli.

Je, nikariri aina zote? Nianze na swali au na kifungu? Pia nina mwenzangu anafanya GMAT, ule wa kuingilia shule za biashara, mbinu ni zile zile? Mkitoa mifano ya huku kwetu nitashukuru, ile ya mameya wa miji ya Marekani imenichosha.

---

Mto_Mirongo

Karibu mkuu. Nianze na hilo la kukariri: hapana. Jina la aina lina faida pale tu linapobadilisha unachofanya ukifika kwenye A hadi E. Kama aina mbili unazifanyia kazi ile ile, zihesabu kuwa moja na uendelee na maisha.

Ukimaliza kusoma mstari wa swali jiulize hivi: jibu linatoka ndani ya kifungu au linaletwa kutoka nje?

Ndani. Hapa wamo: kipi lazima kiwe kweli, hitimisho kuu ni lipi, sentensi fulani ina kazi gani, mwandishi ametumia mbinu gani, wasemaji wawili wanabishania nini, hoja ina kasoro gani, hoja ipi inafanana na hii kimuundo. Kifungu ndicho hakimu na majibu ndiyo washtakiwa. Jibu likileta jambo lisilo na mdhamini kifunguni, limekwisha.

Nje. Imarisha, dhoofisha, dhana inayotosheleza (ile ikiongezwa hoja inakamilika), kanuni inayohalalisha hoja, taarifa inayoondoa mkanganyiko. Hapa ni kinyume: majibu unayapokea kama yalivyo, hoja ndiyo inayoshukiwa. Jibu likisema jambo usiloliamini, liamini kwa muda huo, kisha angalia hoja imepanda, imeshuka au imebaki palepale. Wengi wanakata jibu sahihi la kuimarisha kwa sababu "kifungu hakijasema hivyo". Ni kweli hakijasema. Kingekuwa kimeshasema, jibu lingeongeza nini?

Alama ya kutambulia ni neno "if". Usitazame tu kama lipo, tazama limefungwa kwenye nini. Likifungwa kwenye majibu ("which one of the following, if true"), uko nje. Likifungwa kwenye kifungu ("if the statements above are true"), meza imepinduka: kifungu kinaaminiwa, jibu linatoka ndani. Lisipokuwepo kabisa, mara nyingi uko ndani.

"Support" nayo ni hivyo hivyo, fuata mshale. Kama maelezo ya juu ndiyo yanayolipa jibu nguvu, mshale unashuka: unatafuta kinachotokana na maelezo. Kama jibu ndilo linaloipa hoja nguvu, mshale unapanda: unaimarisha. Chora huo mshale kwenye karatasi ya rafu kabla hujagusa kifungu. Ni sekunde moja, na inakuzuia kufika jibu C ukiwa umesahau ulikuwa unatafuta nini.

Kipimo cha pili ni kifungu chenyewe: kuna mtu anayejaribu kukushawishi, au ni taarifa tupu? Kwenye maswali ya mkanganyiko, na mara nyingi kwenye yale ya kinachotokana na maelezo, hakuna hitimisho. Mfano wa kubuni:

*Gugumaji lilipoziba mwalo, mitumbwi ya sangara ilishindwa kutoka. Miezi ile ile, wavuvi wa mwalo huo waliuza kambare na kamongo wengi kuliko kawaida.*

Hakuna "kwa hiyo" hapo. Ni mambo mawili yanayoonekana kupingana, na swali ni yanawezaje kuwa kweli yote kwa pamoja. Jibu kama "kambare na kamongo hukimbilia chini ya gugumaji, na hunaswa kwa ndoana bila mtumbwi kwenda mbali" linabeba pande zote mbili. Jibu kama "sangara wana bei kubwa kuliko kambare" halielezi chochote kuhusu wingi wa kambare. Na jibu linalodai kwamba kambare hawakuongezeka kweli linakana taarifa uliyopewa. Hairuhusiwi, hata liwe limeandikwa vizuri namna gani.

Jingine ni ukali wa maneno. Ukiwa ndani, maneno mapole ni rafiki yako: baadhi, huenda, angalau mmoja, si lazima. "Wote", "kamwe" na "pekee" yanahitaji kifungu chenye ukali ule ule. Ukiwa nje, ukali haudhuru. Kwenye dhana inayotosheleza ndio unaotakiwa hasa. Ile kanuni inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, kwamba jibu lenye neno kali ni la kukata, ni kweli nusu. Ukiipeleka kwenye dhana inayotosheleza utakata jibu sahihi mara nyingi.

Dhana ya lazima (ile ambayo hoja inaitegemea) sijaipanga popote kwa makusudi. Imekaa mlangoni, na anayeielezea vizuri humu ni Binti Kirumba.

---

Binti_Kirumba

Shikamoo kaka Mirongo, kazi nimeipokea.

Malimbe, tuchukue hoja moja fupi na tuiulize maswali mawili tofauti:

*Mama huyu huanika dagaa wake wote juu ya vichanja. Kwa hiyo dagaa wake hawana mchanga.*

Sentensi ya kwanza ni ushahidi, ya pili hitimisho. Katikati kuna pengo.

Dhana ya lazima. Hoja isingesimama bila kitu gani? Jibu: "Dagaa wake hawaingiwi na mchanga usiotoka kabla hawajafika kwenye kichanja." Likanushe: dagaa tayari wana mchanga tangu wanashushwa ufukweni, na haujatolewa. Hoja imekufa papo hapo. Kwa hiyo dhana hiyo ni ya lazima. Lakini angalia, hata ukiikubali, hitimisho halijathibitika. Upepo unaweza kurusha mchanga juu ya kichanja, au dagaa wakachanganyika na mchanga wakati wa kujaza magunia. Ya lazima haina jukumu la kumaliza kazi.

Dhana inayotosheleza. Nikiongeza nini hitimisho halina pa kukimbilia? Jibu: "Dagaa yeyote aliyeanikwa juu ya kichanja hawezi kuwa na mchanga." Ushahidi ukiongezewa hilo, mjadala umefungwa. Sasa likanushe uone: kuna dagaa fulani, mahali fulani, walioanikwa kichanjani na wana mchanga. Huenda ni wa jirani yake. Hoja ya mama huyu imetikisika lakini haijafa. Kwa hiyo dhana hiyo inatosheleza, ila si ya lazima.

Hoja ni ile ile, majibu mawili tofauti, na kwenye mtihani yote mawili yanaweza kuwekwa kati ya A na E. Usipojua umeulizwa lipi, utachagua linalopendeza.

Kwenye mstari wa swali, ya lazima hujitangaza kwa "required", "depends", "relies", "presupposes". Inayotosheleza huja na "if assumed", "follows logically if", au "enables the conclusion to be properly drawn". Unaona "if" ya Mirongo imerudi? Inayotosheleza iko nje kabisa. Ya lazima haiji na "if" hiyo kwa sababu mwandishi tayari ameitegemea, ila hajaitamka.

Namna ya kuzifanyia kazi hazifanani:

Kwa inayotosheleza, tafuta kitu kilichomo kwenye hitimisho na hakimo kwenye ushahidi. Hapo juu ni "mchanga". Kisha tafuta kilichobaki kikining'inia upande wa ushahidi: "kichanja". Jibu lazima liviunganishe, na liviunganishe kwa mwelekeo sahihi: kutoka kichanja kwenda kutokuwa na mchanga. Mtego wao wanaoupenda ni kugeuza: "Dagaa wote wasio na mchanga wameanikwa juu ya vichanja." Maneno ni yale yale, mwelekeo umepinduliwa, haithibitishi kitu.

Kwa ya lazima, zipo za aina mbili. Kuna za kuunganisha, kama hizo. Na kuna za kukinga, ambazo huondoa tatizo ambalo hukulifikiria, kama ile ya mchanga wa ufukweni. Za kukinga ndizo zinazokatwa ovyo kwa sababu zinaonekana zimetoka mbali na mada. Ukiona jibu lenye "si" au "hakuna" ndani yake, lipe nafasi ya pili.

Ukanushaji wenyewe una adabu zake. Kinyume cha "wote" ni "si wote", wala si "hakuna". Kinyume cha "baadhi" ni "hakuna hata mmoja". Kinyume cha "wengi", kwa maana ya zaidi ya nusu, ni "nusu au chini yake". Na "A ikitokea, B hutokea" hukanushwa kwa "A inaweza kutokea bila B". Mtu akikanusha kupita kiasi, kila jibu litaonekana la lazima.

Na usikanushe majibu yote matano, muda hautoshi. Sehemu moja ni dakika 35 na maswali huwa 24 hadi 26, maana yake kama dakika moja na sekunde 24 kwa swali. Kata matatu kwa jicho, yanayobaki mawili ndiyo uyapime.

Kuhusu kuanza na swali au kifungu: anza na swali. Ndilo linalokuambia usome kama wakili au kama karani.

---

Kivuko_Kamanga

Nakubaliana na Binti kwa yote isipokuwa hilo la mwisho. Kuanza na swali kuna faida kwa mtu ambaye akilisoma anatoka na amri moja: "panda", "shuka", "kasoro". Kama ukimaliza kifungu unarudi kulisoma swali upya, umelisoma mara mbili bila faida, na kwa maswali 25 hiyo ni dakika kadhaa. Kuna watu wanaanza na kifungu na wanapata alama za juu, kwa sababu vifungu vingi ni hoja na kazi ya kwanza haibadiliki: hitimisho liko wapi, ushahidi ni upi, pengo liko wapi. Malimbe ajaribu njia zote mbili kwenye majaribio yenye saa, abaki na moja.

Sasa namba 3, kasoro. Hii ni kati ya aina zinazojitokeza mara nyingi zaidi, kwa hiyo naomba nikae hapo kidogo.

Majibu yote yanasomeka kama kweli kwa sababu yameandikwa kwa lugha ya jumla isiyotaja samaki wala daladala. Usiyalinganishe yenyewe kwa yenyewe. Kila moja lipitishe kwenye vizuizi viwili:

Kwanza, je, hoja kweli imefanya hivyo? Unaweza kunyoosha kidole kwenye maneno? Jibu likisema "inamshambulia msemaji badala ya hoja yake", nionyeshe mahali anaposhambuliwa. Hakuna? Kata.

Pili, kama imefanya, je, hilo ndilo linaloivunja? Jibu linaweza kuelezea jambo lililotokea kweli lakini lisilo kosa. "Hoja haitoi takwimu" huenda ni kweli, lakini si kila hoja inahitaji takwimu.

Mfano:

*Kila daladala la kutoka mjini kwenda Igoma hupita Mabatini. Gari hili limepita Mabatini. Kwa hiyo linakwenda Igoma.*

Anayeijua barabara ile ataruka mara moja: linaweza kuwa linaishia Buzuruga. Kasoro ni kuchukua sharti la lazima kana kwamba linatosheleza. Kupita Mabatini ni lazima kwa anayekwenda Igoma, lakini hakutoshi kukufikisha Igoma. Kwenye majibu wataandika kitu kama "inachanganya jambo la lazima ili tokeo liwepo na jambo linalotosha kulihakikisha". Pembeni yake wataweka jibu la kinyume, lenye maneno yale yale yaliyobadilishana nafasi. Soma polepole hapo, ni moja ya sehemu chache ambapo kusoma polepole kunalipa.

Kasoro nyingine inayowapata watu ni ya asilimia na idadi:

*Mwaka jana sangara walikuwa asilimia 60 ya mzigo ulioshushwa mwaloni. Mwaka huu ni asilimia 50. Kwa hiyo sangara walioshushwa wamepungua.*

Weka namba za kubuni: mwaka jana mzigo wote tani 100, sangara tani 60. Mwaka huu mzigo tani 140, sangara tani 70. Asilimia imeshuka, sangara wameongezeka. Ukiona ushahidi uko kwenye asilimia na hitimisho liko kwenye idadi, au kinyume chake, kasoro umeshaipata kabla ya kusoma A.

Nyingine zitambue kwa sura tu: mambo mawili yametokea pamoja basi moja limesababisha jingine, watu wachache wasio wakilishi wametumika kuwasemea wote, hakuna ushahidi wa jambo basi jambo si kweli, njia ni mbili tu wakati zipo nyingine, kilicho kweli kwa kila sehemu kimefanywa kweli kwa kitu kizima, neno moja limetumika kwa maana mbili.

Mwisho, angalia jibu la kasoro linaanzaje. Likianza na "inachukulia bila kuthibitisha kwamba...", kinachofuata ni dhana ya lazima, kwa hiyo tumia ukanushaji wa Binti. Likianza na "inapuuza uwezekano kwamba...", kinachofuata kichukue kama kweli na uone kama kinaidhoofisha hoja. Kisipoidhoofisha, kukipuuza hakukuwa kosa. Hizo mbili tu zitakusaidia kwenye majibu mengi ya aina hii.

---

Busisi_Ngambo

Kwa huyo wa GMAT: mantiki ni ile ile, menyu ni fupi. Sehemu ya lugha ina maswali 23 kwa dakika 45, karibu dakika mbili kwa swali, na humo kuna ufahamu na hoja tu. Masahihisho ya sentensi yaliondolewa kwenye toleo jipya. Atakutana zaidi na kuimarisha, kudhoofisha, dhana, kinachotokana na maelezo, mkanganyiko, na lile la "kujua lipi kungesaidia zaidi kuipima hoja". Hoja za kufananishwa kimuundo asizipe muda mwingi.

Asizoee kulinganisha dhana ya lazima na inayotosheleza kama mtu wa LSAT. Kwenye GMAT dhana karibu zote ni za lazima, ukanushaji unatosha.

Ana vitu viwili vya kuangalia. Kuna maswali yenye sentensi mbili zilizokolezwa wino, unaulizwa kila moja ina kazi gani. Hayo aanze na hitimisho kuu, kisha aulize kila sentensi iliyokolezwa iko upande wa hitimisho hilo au upande wa anayepingwa. Nusu ya majibu hufa hapo. Pia kuna kifungu kinachoishia na nafasi wazi. Asikimbilie kudhani anatafuta hitimisho. Kama kabla ya nafasi kuna "since" au "because", anatafuta sababu, yaani anaimarisha.

Na GMAT haikuruhusu kuruka swali. Lazima ujibu ndipo upate linalofuata, ingawa ukimaliza sehemu na muda upo unaweza kurudi na kubadili majibu hadi matatu. LSAT unaruka na kurudi utakavyo ndani ya sehemu hiyo.

---

Malimbe_Juu

Wakuu mmenifungua. Naomba mnisahihishe hapa. Nimechukua mistari minne ya maswali bila vifungu vyake, nimeitafsiri ili tuelewane, na uamuzi wangu uko pembeni:

a) "Kipi kinaungwa mkono zaidi na maelezo ya juu?" Mshale unashuka, ndani.
b) "Kila kimoja kati ya vifuatavyo, kikiwa kweli, kinadhoofisha hoja ISIPOKUWA." Natafuta kinachoimarisha.
c) "Kanuni ipi, ikikubalika, inahalalisha zaidi uamuzi wa msemaji?" Nje, kama dhana inayotosheleza.
d) "Hali iliyoelezwa inaendana zaidi na kanuni ipi?" Nje pia, kwa sababu ni kanuni.

Na hoja za kufananisha muundo zinakula muda sana. Kila jibu ni aya nzima.

---

Mto_Mirongo

a) Sahihi. Ongeza kitu kimoja: "zaidi" hapo ina maana kwamba jibu halihitaji kuwa na uhakika wa asilimia mia kama kwenye "lazima iwe kweli", lakini bado halina ruhusa ya kuongeza jambo jipya. Likihitaji wewe ulisaidie kwa maelezo ya pembeni, si lenyewe.

b) Hapana. Manne yanadhoofisha, la tano halidhoofishi. Hilo la tano linaweza kuimarisha, lakini mara nyingi haligusi hoja kabisa. Ukienda ukitafuta kinachoimarisha utalikata jibu sahihi kwa kuwa "halihusiki", na kutohusika ndio sifa yake. Kwenye maswali ya ISIPOKUWA andika alama ya D (ya "dhoofisha") mbele ya kila jibu linalodhoofisha. Lisilo na D ndilo lako.

c) Sahihi. Kanuni huwa pana kuliko hoja, ila kazi ni ya kuunganisha ushahidi na uamuzi. Jihadhari na mwelekeo kama Binti alivyosema: kama uamuzi ni "asifanye", kanuni inayoeleza lini mtu *anapaswa* kufanya haikufikishi huko.

d) Hapa neno "kanuni" limekuvuta. Hakuna "ikikubalika" wala "ikiwa kweli". Kifungu ndicho kinachoaminiwa na kanuni inatolewa humo. Ni ndani, mshale unashuka, na kanuni yenye sharti ambalo maelezo ya kifungu hayalitimizi inakatwa.

---

Binti_Kirumba

Kwa hoja za kufananisha: usisome majibu kama hadithi. Geuza kifungu kuwa herufi kwanza. Ile ya daladala ya Kamanga ni "kila A ni B, x ni B, kwa hiyo x ni A". Ukishaandika hivyo, anza na mahitimisho ya majibu peke yake. Hitimisho la kifungu linasema jambo la hakika kuhusu kitu kimoja. Jibu linalohitimisha kwa "huenda", "wengi" au "inapaswa" linaanguka kabla hujasoma aya yake. Mara nyingi yanabaki mawili. Hayo ndiyo uyasome yote, ukiweka herufi.

Kama swali linataka *kasoro* inayofanana, jibu lenye hoja safi ni la kukata, hata kama maneno yanafanana. Kama halitaji kasoro, hoja safi ndiyo inayotakiwa. Na jibu lenye mada ile ile ya kifungu (magari kwa magari) liangalie kwa jicho la pili, mara nyingi limewekwa kukuvuta. Mpangilio wa sentensi haujalishi; hitimisho linaweza kuwa mwanzoni kwenye jibu na mwishoni kwenye kifungu.

Muda ukikubana, liwekee alama, weka herufi yoyote, endelea na urudi. Jibu lisilo sahihi halikatwi alama, kwa hiyo usiache wazi hata moja.

Zoezi la wiki hii: fungua akaunti ya bure ya LawHub, tovuti ya LSAC (waandaaji wa LSAT), ina majaribio rasmi kadhaa yasiyolipiwa. Chukua sehemu moja, funika vifungu vyote, soma mistari ya maswali tu. Kila mmoja uandikie mambo matatu: mshale juu au chini, maneno makali yanaruhusiwa au hapana, na kama unategemea kukuta hitimisho kifunguni. Halafu funua uone vifungu vinakubaliana nawe wapi. Ambavyo havikubaliani vilete humu pamoja na mistari yake, tuvichambue kimoja kimoja.